Mama Ameungama Mbele ya Mheshimiwa

Jumamosi. Njoro imeamkia manyunyu na baridi ya kuvaa soksi mbili, nami nimeamka na kinyongo cha juzi.

Tangu Alhamisi mimi na Mama tulikuwa tunasalimiana tu kama majirani. Sababu ni msitu. Mheshimiwa wetu anataka miti ya asili iliyo juu huko, mitarakwa na mizeituni mikongwe, ikatwe kwa sababu eti inaoza bure. Kisha wananchi wapewe vipande walime viazi huku wakitunza miche mipya. Mimi ni katibu wa chama cha watumiaji wa maji ya mto, na mto wenyewe unaanzia chini ya miti hiyo. Mama, miaka sabini na miwili, magoti mabovu, alikuwa amejiandikisha apate kipande.

Nilimwambia hiyo ni tamaa. Ndiyo, nilimwambia mama yangu hivyo. Akanijibu niendelee kula viazi vyake kimya kimya.

Leo kulikuwa na mkutano wa kutoa maoni katika uwanja wa shule. Nilibeba kurasa nne nilizochapa mwenyewe. Mama alifunga kitambaa chake cha kanisani akaketi mbele, upande wa mheshimiwa. Walikuwa wamemchagua awasemee wakulima kwa kuwa alilima msituni zamani, mpango kama huu ulipokuwepo. Nilikitazama kisogo chake, nikampenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Nilisoma kurasa zangu. Watu walipiga miayo. Mzee mmoja aliuliza kama kutakuwa na chai.

Kisha Mama akasimama, mkono mmoja kwenye kiti. Alianza vizuri tu. Alimshukuru mheshimiwa, akasema udongo wa msituni ulikuwa mtamu na viazi vilijaa gunia haraka. Wenzake wakapiga makofi. Halafu akanigeukia, akanitazama kidogo, akainamisha kichwa.

"Lakini wacha niseme ukweli, mimi nimezeeka," akasema. "Ile miche tulipewa tutunze, nilikuwa naikata mizizi na panga, chini kwa chini. Foresta wa serikali akikuja anapata imekauka, anafikiria ni jua. Kwa sababu miti ikikuwa, shamba imeisha, unaambiwa utoke. Na sikuwa peke yangu. Mkitupatia tena, tutafanya tu hivyo."

Mama akaketi.

Mheshimiwa alicheka, akasema mama amechoka, apewe soda. Soda ililetwa, na Mama akainywa yote. Lakini mkutano ulipokwisha, wanawake watatu wa kikundi chake, ambao huchimba viazi pamoja naye kila msimu, walimpita bila salamu. Nilimwona akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Njiani nilimshika mkono kwa sababu ya matope. Nilimuuliza hayo ya panga yalikuwa miaka gani. Akasema ni ile miaka nilikuwa sekondari, mpaka nikaingia chuo. Viazi vya kipande hicho ndivyo vilivyonilipia karo. Na nilichosomea ni mazingira! Hizo kurasa nne, kila neno kubwa lililomo, zimetoka huko.

Nilisomeshwa na miche iliyokauka.

Nilimwomba msamaha kwa lile neno la Alhamisi. Nililia kidogo. Akaniambia nisimlilie barabarani, watu watadhani amenichapa. Nampenda huyu mwanamke, na sijui kwa nini huwa nasubiri kugombana naye kwanza ndipo nikumbuke.

Sasa anamenya viazi vya jioni, nami naandika kumbukumbu za mkutano, zitakazopelekwa kaunti. Nilipofikia maneno yake niliandika kwamba mkulima mmoja alikiri kuharibu miche. Nilitaka kumficha. Nilimsomea, akaweka kisu chini.

"Andika jina langu yote," akasema. "Wasiseme ni uvumi."

Nimefuta, nimeandika majina yake yote matatu. Nimemsomea tena, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye viazi vyake.

Jumatatu nitazipeleka mwenyewe. Chini ya jina lake nimeongeza mstari mmoja ambao hakuniomba na bado sijamsomea: kwamba aliyeandika kumbukumbu hizi ni mwanawe, na viazi vya msituni alivila pia.