Leta Haiyalipa

Kwako Mama, huko ulikotangulia,

Leta imelipa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilolingoja mpaka ukafa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba siku likitokea nitakimbia mpaka kaburini kukuambia. Sikukimbia. Nimekaa hapa nyumbani kwako, watoto wangu wamelala, naandika, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini miguu ilikataa.

Unakumbuka nilivyokuwa sielewi neno hilo nikiwa mdogo? Ulikuja Zambia na Kiswahili chako cha Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ambako serikali huitwa Leta. Mimi nilijua ile leta ya kuagizwa: leta maji, leta chumvi. Siku moja ulimwambia jirani kwamba Leta imepandisha ushuru wa soko, nikakuuliza nani ameleta, na ameleta nini. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa kitenge. "Hii Leta hailetake kintu, mwanangu," ulisema. "Inasemaka tu: leta, leta."

Na bado uliiuzia samaki. Kazi hiyo nilizaliwa nikaikuta. Wanawake wa Kashikishi walikuwa wakianika chisense mchangani, vile visamaki vyetu vidogo, nawe ulipita ukikusanya kwa ajili ya shule za bweni. Mtaji hukuwa nao. Ulikuwa na mdomo na jina zuri. Walikupimia kwa beseni wakakuachia kwa deni, kwa neno lako tu, kwa sababu ofisi ya serikali ilipokulipa ulikuwa ukiwalipa siku ileile, hata viatu hujavua. Kwacha hawakuzihesabu. Walikumbuka mabeseni, kila mmoja yake, na hawakukosea. Aliyekuamini kuliko wote alikuwa Bana Mwansa, yaani Mama Mwansa, mwenzako wa benchi moja kanisani, ambaye Kiswahili chake chote alikipata kwako na alikisema kwa lafudhi ya Kibemba iliyokuchekesha. Mimi nilishona magunia. Uliimba nyimbo za kanisa, nikaitikia, na sindano ikinichoma ulininyonya kidole ukaendelea kuimba.

Halafu ofisi ikaacha kulipa. Wanawake walikuja mlangoni, ukawapa viti, ukawaambia kwa upole, "Leta haiyalipa." Hawakugomba. Nani asiyejua kuwa serikali bado haijalipa? Wakaendelea kukupimia, kwa kuwa uliwaeleza kwamba ukiacha kupeleka, ofisi itakusahau na deni la nyuma litapotea, na isitoshe watoto wa shule hawawezi kula nshima kavu, ugali usio na kitoweo. "Mutu njo anakufaka," uliwaambia. "Leta haikufake." Walitikisa vichwa kukubali. Ni kweli, mtu hufa, serikali haifi, iko siku italipa.

Mimi pia nilikubali. Uliponitoa shule nikiwa darasa la kumi, ulinisuka nywele asubuhi ile kana kwamba nakwenda, kisha ukaniambia hakuna ada, nivumilie, Leta ikilipa nitarudi. Sikulia mbele yako. Nilikuwa na fahari, Mama. Niliona tunateseka pamoja, mimi na wewe, na kwamba nikinuna nitakuongezea mzigo. Nilikaanga vitumbuwa nikauza bandarini, na wenzangu walipopita na sare zao niliwaita wanunue. Hasira yangu kwa serikali ndiyo iliyonilisha. Kila waziri aliyesema redioni nilimjibu, na wewe ulinitazama tu ukaniambia nipunguze sauti. Serikali nyingine ilipokuja ikafuta ada, mimi nilikuwa tayari na mtoto mgongoni.

Unakumbuka redio siku nchi ilipotangaza kuwa haina uwezo wa kuwalipa wageni waliotukopesha? Tulikuwa tunamenya mihogo. Mwalimu mmoja wa chuo alieleza kwa Kibemba kwamba tusishangae, jambo hili ni la kale kuliko noti zenyewe. Alisema kulikuwa na mfalme wa Uhispania ambaye meli zake zilishusha fedha kila mwaka na bado alishindwa kulipa, tena na tena, na wenye mabenki wakamkopesha upya ili deni la kwanza lisife. Alitaja nchi za Amerika ya Kusini zilizoanguka moja ikaivuta nyingine, na sisi wenyewe zamani, shaba ilipokosa bei na watu wakapanga foleni kwa ajili ya unga. Nilifurahi kuona wafalme ni wezi kama wengine. Wewe ukaacha kisu, ukanisimulia habari za Babu kwa mara ya kwanza.

Babu alikuwa na sanduku la noti za zaire kule Kilwa, pesa za samaki wa chumvi. Leta ikatangaza ghafla kwamba noti kubwa zimekwisha kazi, na kila mtu atabadilishiwa kidogo tu. Yeye alisikia mapema kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na redio. Akazunguka kwa wavuvi wake, akawalipa madeni yote, hata wale ambao hawajadai, nao wakamshukuru kwa mikono miwili. Jioni wakajua. Wewe ulikuwa msichana mdogo, ulibeba lile sanduku pamoja naye, na uliniambia ndiyo sababu hamkuweza tena kuishi Kilwa. "Alilipa bantu na makuta ya kufa," ulisema, yaani pesa zilizokufa, ukanigeuzia mgongo. Nilikuhurumia. Nilidhani unaona haya kwa ajili yake.

Sasa nikueleze ya ofisini. Yule bwana wa hesabu mwenye upara, uliyekuwa ukimpelekea samaki kila Krismasi, bado yupo. Aliniambia madeni ya zamani yanalipwa, na la kwako limelipwa lote bila kukatwa hata ngwee. Nilishukuru. Nikatazama kiasi, nikaona ni kidogo mno. Sikushangaa kwamba kwacha ya wakati ule leo hainunui kitu. Hilo kila muuza nyanya analijua. Lakini hata mizigo yenyewe ilikuwa pungufu. Nilimwambia mama yangu alileta samaki kwa muda mrefu zaidi ya huo, misimu miwili zaidi, mimi mwenyewe nilishona magunia. Akanitazama kwa namna ambayo watu humtazama mfiwa. Akasema hapana. Alikuita yeye mwenyewe, akakufungia mlango, akakwambia kwa siri usilete tena kwa sababu pesa hazipo na hazitakuwepo karibuni. Na wewe ulimshukuru kwa kukuambia ukweli, ukaacha kuleta.

Mama, yale magunia yalikwenda wapi?

Usinijibu, nimekwisha kumpata dereva aliyekuwa akikubebea magunia. Anakaa Kashikishi bado, na hakujua kwamba ni siri. Alisema mlikuwa mkienda mpaka Kitwe, bei ilikuwa nzuri, ulilipwa taslimu sokoni, na wewe ulikuwa mama mkarimu njiani. Kisha akaniuliza kama bado tunaishi kwenye ile nyumba ya bati la bluu, kwa sababu bati hilo alilibeba yeye. Uliniambia bati lilitumwa na mjomba wa Lubumbashi. Niliandika barua ya kumshukuru, ukasema utaipeleka.

Tangu siku hiyo sina raha na kumbukumbu yoyote. Nyimbo zile ulipoziimba, nilidhani unajipa moyo. Kitenge ulichoniletea, ulisema ni zawadi ya rafiki yako wa Mansa. Ulinisuka nywele ukanitoa shule, na wakati huohuo misumari ya paa ilikuwa chini ya kitanda chako. Nimechukia serikali kwa miaka yote hii, Mama, nimeichukia vizuri, kwa moyo wote, na chuki hiyo ilinisaidia kuamka. Umeninyang'anya hata adui wangu. Nimebaki na wewe tu, na wewe sijui kukuchukia.

Nimefikiri sana juu ya wafalme wa yule mwalimu wa redio. Alieleza walivyoshindwa kulipa, lakini hakueleza kilichotokea mtaani kwao kesho yake. Mimi sasa najua. Mwenye benki alimwambia fundi kwamba mfalme hajalipa, fundi akamwambia mwenye mkate, na katikati yao walikuwemo ambao walikuwa wamekwisha kulipwa, ila neno lile lilikuwa zuri mno kuliacha. Serikali isipolipa inampa kila mwongo kisingizio kisichohojiwa. Mwanamke anayeanika samaki mchangani yeye hana wa kumwambia hajalipwa. Anarudi tu ziwani, na ziwa likifungwa kwa miezi ile ya samaki kuzaana, analala na njaa.

Najua ungejitetea vipi. Ungesema mtu aliyevuka ziwa na sanduku tupu anahitaji bati juu ya kichwa, kwamba ungekufa mimi ningefukuzwa na mwenye nyumba, kwamba mkono mtupu haulambwi. Ungesema uliogopa. Nakuamini kwamba uliogopa. Wale wanawake nao waliogopa, na nyumba zao ni za nyasi mpaka leo.

Nitakuambia pia lililonipata, ili usidhani najiona malaika. Siku chache nilikaa na pesa zile nikajua kwamba naweza kuwapelekea wanawake hicho kidogo, niseme Leta imelipa hiki tu, mengine imekula. Nani angebisha? Wangenipa pole. Jina lako lingebaki safi kanisani, nyumba ingebaki yangu, na wangeendelea kunipimia samaki kwa deni, kwa sababu ndiyo kazi ninayoishi nayo sasa. Ni uongo ambao hauhitaji hata akili. Niliujaribu mdomoni nikiwa peke yangu, nikasikia sauti yako ndani yake, upole uleule, na viti vimekwisha pangwa.

Nikaenda kwa Bana Mwansa kwanza, kwa kuwa mabeseni yake yalikuwa mengi kuliko ya wote. Alikuwa anachambua chisense, anatoa mchanga. Kabla sijafungua kinywa akaniambia amesikia kuwa Leta imelipa, na kama ni kidogo nisisumbuke, kwa sababu yeye hakuwahi kukulaumu. Akasema mlikuwa watu wa kusaidiana, na mwizi anajulikana, anakaa Lusaka.

Nikamwambia yote. Bwana wa hesabu, Kitwe, bati. Nilimwambia nimepata mtu wa kununua nyumba, na kwamba pesa zake nikizichanganya na zile za ofisi zitatosha kumlipa kila mwanamke beseni kwa beseni, kwa bei ya samaki wa leo. Nilisema haraka haraka, nikitazama mikono yake. Iliacha kuchambua. Ya nyumba hakuuliza, wala ya pesa hakuuliza. Mwanawe Mwansa, yule aliyempa jina, alikufa kwa homa katika ule msimu wa mwisho, nasi tulikwenda msibani sote, wewe ukalala chini na Bana Mwansa matanga yote. Sikujua kwamba siku ya maziko yenyewe, alikuvuta nyuma ya nyumba akakupimia samaki kwa ajili ya watoto wa shule.

Kisha akaniuliza kwa kile Kiswahili ulichomfundisha: "Na ile beseni nilimupatia mama yako siku tulizika Mwansa, nayo haikufika ku masomo?"

Jibu nilikuwa nalo, Mama, ni neno moja tu, na baada ya kumwaga yote niliyomwaga, hilo moja nilikuachia wewe. Alingoja. Halafu akainama akaendelea kutoa mchanga kwenye samaki, nami nikaondoka bila kuaga.

Wenye nyumba wapya wanaingia Jumamosi. Ni watu wa Mansa, wamelipenda bati. Mimi na watoto tumepata chumba karibu na bandari, na vyombo vyako nimevifunga. Wanawake wengine watalipwa, watanisema, watanizoea. Ila kwa beseni lile moja sina nyumba ya kuuza. Bana Mwansa amechoka siku hizi, mguu umemvimba na hapandi tena ngazi ya kanisa, na nadhani atafika huko ulipo mapema kuliko mimi. Mpokee. Mpe kiti. Na akikuuliza, mjibu wewe mwenyewe.

Binti yako wa pekee