Kola Nilizofumua na Kocha Asiyetoa Ushauri

Jumatatu, 3 Machi

Nimenuna. Meneja kaniita ofisini, kafunga mlango, kaniambia ameniandalia kocha. Kocha! Nikamwuliza, mimi nimeanza lini kukimbiza mpira? Eti kuna mama mmoja, kazi yake kukaa na wasimamizi wapya na kuwasaidia kujiona vizuri. Kikao cha kwanza Jumatano, cha kujaribu tu. Ijumaa nimpe jibu: naendelea au siendelei.

Kisha akanionyesha barua. Fundi Kola – hakuna anayemfikia kwa kola za sare katika karakana nzima – anaomba kuhamia chumba cha pasi. Pasi! Afadhali joto na mvuke kuliko mimi! Barua nayo inasubiri Ijumaa. Miezi mitatu tu ya usimamizi na tayari nakimbiwa. Imeniuma, sifichi.

Mume wangu kasikia habari ya kocha, akauliza nacheza namba ngapi. Leo amejipakulia mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu ana lake: kocha ni mtu wa kukutoa machozi, utasimulia mpaka ulivyoachishwa ziwa. Mwenzangu wa ghala anasema hapana, ni mwalimu, nibebe daftari. Kila mtu anajua, hakuna aliyewahi kumwona! Daftari nimebeba. Nimeorodhesha humo makosa ya mafundi wangu, kumi na moja. Akitaka kazi, kazi ipo.

Jumatano, 5 Machi

Kocha kavaa raba na ana mafua. Tumekaa chumba cha vitambaa, katikati ya mabunda. Akaanza kwa kujieleza: yeye si daktari, si mwalimu, wala hajui kushona hata kifungo. Ushauri hatoi. Atauliza, mimi nitafikiri kwa sauti, nitachagua jambo la kufanya, na tukikutana tena ataniuliza nimelifanyaje. Ya humu yanabaki humu, hata meneja haambiwi.

Basi nikamfungulia orodha yangu. Akaisoma yote, taratibu, akapenga kamasi.

"Haya kumi na moja ni ya wenzako, dada. La kwako liko wapi?"

Masikio yakaniwaka. Nikamwambia la kwangu ni uchapakazi: kila siku nafika kabla ya watu, nafumua kola za Fundi Kola zilizokaa vibaya, nazishona upya. Wakija, kazi imenyooka. Sijamgombeza mtu hata siku moja!

"Fundi Kola anajua kwa nini unafumua za kwake?"

Nikageuza kurasa za daftari. Nilisubiri aniokoe, wapi. Mwisho nikasema sijui. Sijawahi kumwuliza, wala kumwambia.

Akasema kama ninachotaka ni wenzangu wabadilike, yeye hanifai, tusipotezeane muda. Kama kuna kitu nataka kubadilisha mimi mwenyewe, basi tufanye kazi. Nimetoka na hasira zangu. Siendelei!

Alhamisi, 6 Machi

Jamani, aibu! Nimefika mapema, nikavuta kapu la kola, nikaanza kufumua. Hii imelala upande, hii ncha imevimba – huyu Fundi Kola amefanya nini! Lile swali la kocha wa mafua likanirudia: anajua kwa nini? Nikaona leo nitamwonyesha kosa kwa macho yake. Nikaigeuza ya tano nitafute kosa lenyewe, nikakuta nukta mbili za chaki. Alama yangu! Fungu zima nililishona mwenyewe juzi, tulipozidiwa na oda. Nimefumua kola zangu nne huku nikimsema mwingine. Nyani haoni kundule.

Nimecheka mpaka mlinzi kachungulia dirishani. Kisha kicheko kikakauka. Za kwake nimezifumua ngapi zilizokuwa nzima?

Ijumaa, 7 Machi

Mapumziko ya chai. Naandikia juu ya meza ya kukatia.

Nimemwita Fundi Kola. Nilikuwa na maneno mengi, yote nimeyameza. Nikamwuliza moja tu: nini kimekufanya uombe pasi? Nikafunga mdomo. Kazi ngumu kuliko kushona turubai!

"Dada, nikija asubuhi sizikuti kola zangu. Nakuta zako. Sasa mimi nipo hapa kufanya nini? Kwenye pasi angalau nikiinyoosha nguo inabaki imenyooka."

Ulimi uliniwasha nijitetee. Nikaung'ata. Nikamwambia za jana nne nilizofumua zilikuwa zangu mwenyewe. Akaziba mdomo, mabega yakatikisika, akashindwa, akacheka kwa sauti. Nami nikacheka. Nikamwomba msamaha, bila kupindisha.

"Ahsante, dada," akasema. "Lakini yapo mengine, na hayo hayachekeshi."

Simu ikaita. Meneja, anataka majibu yake. Fundi Kola akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Nikamwambia meneja kocha namtaka, la barua anipe saa moja. Nikazima simu.

"Sema yote," nikamwambia. "Nasikiliza."

Akasema ni marefu, hayasemeki kwa kusimama. Ameenda kuleta kiti. Naandika mbio mbio – sijui atabaki, sijui ataondoka. Nasikia kiti kinaburutwa. Si kimoja! Viwili, vitatu... Nimechungulia. Wanakuja mafundi wote sita, kila mmoja na kiti chake.