Mawe Yako Ukutani, Wazee Wako Katikati

Mshauri wangu, nakusalimu kwanza kwa sababu nimelelewa, kisha naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nyumbani halisemeki na rafiki zangu wote ni wateja, ukimwambia mmoja umewaambia wote.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, na dirisha langu linatazama makaburi ya ukoo, walikolala babu na bibi, na wazazi wao, na wengine wa zamani ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona, na sasa uwanja huo umepata mnunuzi anayetaka kujenga kituo cha mafuta kwa kuwa barabara kubwa imesogea hadi mlangoni kwetu. Kaka yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, ndiye anayeongea na mnunuzi, na sitamsingizia, amewapigania marehemu kweli kweli, kakomaa mpaka mnunuzi amekubali kuuacha ukanda wote wa ukutani wenye mawe ya majina, ujengewe uzio na geti, na wifi ameshachagua mpaka rangi ya geti, na kaka siku hizi anatembea kifua mbele akisema, "Mimi siuzi wazee wangu."

Shida ni kwamba wazee hawapo ukutani.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza stoo, mtu ambaye hata vijiko vya jikoni alivipanga kwa urefu, na zamani mawe yale yalitawanyika uwanja mzima, moja limeinama huku, jingine limezama kule, basi aliponunua mashine ya kukatia nyasi na kisu chake kikagonga jiwe kikavunjika, alikasirika, akayang'oa mawe yote akayasimika kwa saruji kwenye mstari mmoja kando ya ukuta, kuanzia la mkubwa hadi la mdogo, kama makopo ya rangi kwenye rafu, mimi binti yake nikimchotea maji ya kuchanganyia na shangazi, dada yake, akimsomea majina, na ndugu waliokuja baadaye wakamsifu kwamba sasa makaburi yana utaratibu. Hakuna marehemu aliyehamishwa, ni mawe tu yaliyohama. Kaka hakuwepo, tangu mdogo alikuwa analelewa kwa mjomba, aliporudi akaukuta mstari akajua ndivyo walivyozikwa. Baba alipofariki tulimzika mwisho wa mstari, yeye peke yake ndiye aliye chini ya jiwe lake, na wengine wote wako katikati ya uwanja, pale pale ambapo mnunuzi amepapiga kwa kisigino akasema patachimbwa shimo la matangi.

Nilimwambia mama alipokuwa anakunja nguo. Hakuinua hata uso, akasema, "Baba yako alikuwa mtu wa heshima. Unataka watu wamcheke kwamba alipoteza makaburi ya wazazi wake mwenyewe?" Nikamwambia, "Mama, bibi atazolewa na tingatinga." Akajibu, "Bibi yako alishakufa. Mimi bado naishi na majirani." Shangazi nilimpigia simu akajitia hamnazo, akaniuliza kama cherehani imetengemaa.

Mpimaji anakuja Jumatatu kuweka mipaka, na uwanja uko kwa jina la mama na sisi watoto wake wawili, kwa hiyo na sahihi yangu inangojwa. Nikisema, nitakuwa nimemvua baba nguo hadharani, na kaka ataonekana mjinga mbele ya mtu aliyebishana naye kwa kiburi kile. Nikinyamaza, nitakaa dirishani nashona huku wanachimba. Nifanye nini?

Fundi wa Sare

*

Pole, mwanangu. Pole imeisha, sasa tuongee.

Unaniuliza uchague kati ya heshima ya baba na mifupa ya bibi. Nani kakwambia hivyo viwili vinagombana? Baba yako hakuiba mawe gizani. Aliyang'oa mchana kweupe, binti anachota maji, dada anasoma majina, ukoo mzima ukaja ukasifu. Alikosea, ndiyo, na alikosea kama mtunza stoo: lebo zilipokaa sawa aliona kazi imekwisha, na mzigo ukabaki kule kule. Hilo ni kosa la mtu anayependa mambo yakae vizuri. Watu watacheka kidogo, kisha watakumbuka mabaya yao na watanyamaza.

Aibu yenyewe bado haijafika. Itafika siku tingatinga litakapoinua mfupa wa mtu mbele ya wapita njia, na watu waanze kuulizana nani alijua. Siku hiyo hawatamtaja marehemu baba yako. Watakutaja wewe, mama yako na shangazi yako.

Mama namwelewa, lakini simuungi mkono. Mume wake yuko salama ndani ya uzio. Hao walioko katikati kwake ni wakwe tu, na wakwe wakishakufa wengi wetu huwa hatuwahangaikii sana. Mwambie ni mimi niliyesema, anikasirikie mimi.

Kaka yako ndiye nimempenda. Na wewe unamfanyia jambo baya kuliko anavyojua. Mtu kawapigania wazee wake kwa moyo wote, halafu dada yake anamtazama akilinda mawe matupu na hasemi kitu. Unasema ataonekana mjinga. Akiambiwa leo ataona haya kidogo na atamrudia mnunuzi na hoja mpya. Akigundua baada ya shimo kuchimbwa, hatakusamehe, na mimi sitakuwa na la kukutetea.

Kwa hiyo usitie sahihi. Sahihi yako ndiyo breki pekee iliyobaki, na hata mama akikununia, kalamu usiishike. Shangazi usimpigie tena, mtu kwenye simu hupiga chenga kirahisi. Mfuate kwake, mpandishe gari, mlete uwanjani, kwa sababu aliyesoma majina alikuwa anaona kila jiwe linatolewa wapi, na akisimama pale miguu itamkumbusha. Pigeni vijiti, fungeni kamba, na kaka yako awepo. Halafu nendeni wote ofisi ya ardhi kabla ya Jumatatu, mkaandikishe kwamba eneo hilo la katikati ni makaburi, na mwaulize wanasheria wa msaada wa kisheria namna ya kuweka zuio la mahakama. Mpimaji akija akute kamba. Mnunuzi akitaka kujenga pembeni, hilo mtaongea. Asipotaka, aende, barabara ni ndefu. Na mawe yarudisheni mahali pake hata yakikaa upande, nyasi mtakata kwa mkono.

Jambo moja limebaki, na hili hutalipenda. Umeficha majina yote ukadhani umejificha. Fundi wa sare mwenye dirisha la makaburini, kaka mwalimu wa hesabu, kituo cha mafuta kinakuja: nani hapo kwenu atasoma asiwajue? Ulipoipeleka barua hii gazetini ulikuwa umeshaamua kusema, ulichokosa ni pa kuanzia. Mimi nimeichapa barua yako bila kupunguza neno. Gazeti linatoka asubuhi, na walimu hulisoma wakati wa mapumziko. Kama umeliona mapema, acha cherehani hapo hapo ilipo, mfuate kaka yako shuleni, umtoe darasani kama ni lazima, asije akayasoma haya kabla hajayasikia kinywani mwako.