Picha ya Kijaluba Niliyoiweka Status

Jumapili, saa sita mchana. Jua lipo lakini halina kazi. Ni jua la Julai la Johannesburg, linakutazama tu huku baridi inakutafuna visigino. Nimejifungia chumbani kwangu Joubert Park, heater miguuni, simu mezani. Namsubiri mwanangu apige.

Nimeshaigeuza mara tano, uso juu, uso chini.

Mnaonisoma hapa mnamjua Zuhura, maana sijawapumzisha. Niliwaambia alipopata chuo Uingereza, niliwaambia alipopanda ndege, niliwaambia hata alipopata mafua. Mimi niliishia darasa la saba, Tanga, nikaja huku na ufundi wa kushona tu. Yeye kazaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anajibu kwa Kizulu. Ila kichwa anacho. Kichwa kile si cha upande wa baba yake, na baba yake mwenyewe anakiri. Anasomea kuchimbua mambo ya kale. Nani mwingine jengo hili ana mtoto wa hivyo? Nimeshauliza, hakuna.

Mwezi huu yeye na wenzake wa chuo wako kwenye shamba la shayiri la mzee mmoja, mashariki ya kule Uingereza. Chini ya shayiri imelala ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili.

Mimi nilidhani ndege za vita zinaanguka kwa adui. Zuhura akanielimisha. Nyingi sana zilianguka nyumbani. Zilikuwa zinarudi, injini inawaka moto au ukungu umefunika kiwanja, na vijana wale wamebakiza dakika kumi wanywe chai. Nyingine zilianguka kwenye mazoezi, hazijamwona hata huyo adui. Ziliangukia mashamba, vilima, nyuma ya makanisa. Hii ya kwao ilizama kwenye udongo wa mfinyanzi. Watu wa wakati ule wakaokota walichoweza, wakafukia shimo, vita vikaendelea. Saba walikuwemo. Wanne hawakuonekana.

Anasema mpaka leo ukifika chini udongo unanuka petroli. Nilipomsimulia Mama Chantal aliacha kusuka akanusa hewa, kana kwamba harufu imefika Doornfontein, kazini kwetu. Mama Chantal ni Mkongo wa Bukavu, tunagawana chumba cha kazi: mimi na cherehani yangu dirishani, yeye na vichwa vya watu upande wa mlango.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Alhamisi Zuhura alinitumia picha. Kijaluba cha sigara, cha bati, kimebonyea upande mmoja. Kwenye kifuniko limechongwa jina la mtu, na chini ya jina: Johannesburg. Aliyekitoa kwenye tope ni yeye, kwa mkono wake. Na mtoto huyu asiyeandika Kiswahili mpaka jambo liwe zito, akaandika Kiswahili: “Mama, ona, mtu wa kwetu. Hii ni yako tu. Usimwonyeshe mtu, nimesaini karatasi.”

Ijumaa alasiri nikaiweka status.

Nawaambia nilivyofikiri, nisijipake mafuta. Nilifikiri status inakufa yenyewe baada ya siku moja, kwa hiyo si sawasawa na kusema. Nilifikiri niliokatazwa kuwaonyesha ni Waingereza. Na nilifikiri, hili ndilo la kweli zaidi, kwamba nikinyamaza nitapasuka. Nikaandika chini yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: “Mwanangu kampata kijana wa Joburg aliyepotelea vitani. Tumbo langu halikuzaa bure.” Nikaweka na mioyo mitatu.

Sifa zikamiminika. Mpaka usiku nikawa nashona kwa mkono mmoja, mwingine unajibu simu. Mama Chantal peke yake ndiye hakunisifu.

“Mama Zuhura, ile mutoto yako iko nafukula wafu, na weye unafurahi?”

“Hafukui, anawatoa.”

“Haya. Wakikuya kuuliza, uwaambie vile vile.”

Nikacheka. Nilikuwa na furaha ya kucheka.

Jana asubuhi akanipigia Bi Marlene. Huyu ni mteja wangu wa mapazia, mzungu wa makamo, mcheshi, anakaa juu huko kaskazini ya mji. Akasema nimemliza. Akasema kanisani kwao kuna bibi mwenye jina hilo hilo la ukoo, amepita miaka themanini. Baba yake alikwenda na jeshi la anga yeye akiwa tumboni, hakurudi, na mwili haukuonekana. Picha ameshaihifadhi, saa tisa anampelekea, na keki ameoka.

Nikasema vizuri. Nikakata simu. Halafu neno lile keki likanirudia.

Nikampigia Zuhura. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: hivi mkipata jina, ndiyo mmempata mtu?

“Hapana, Mama. Kijaluba kinaazimwa. Kinaliwa kwenye karata. Watu saba walibanana mle ndani, na vitu vyao vimechanganyika. Mpaka mifupa ipimwe, na kupima ni kazi ya serikali. Jamaa zao wataambiwa na mtu aliyetumwa rasmi. Kwa nini unauliza?”

“Nauliza tu.”

Mwanangu nilimdanganya mchana kweupe.

Kwetu habari ya msiba haitupwi tu. Anatumwa mtu mzima. Akifika hasemi, anakaa kwanza. Anauliza umekula? Anahakikisha umekaa chini na una mtu pembeni. Anasema fulani alizidiwa, na kabla hajamaliza wewe umeshaelewa, lakini umeelewa ukiwa umeshikwa mkono. Mama yangu alipofariki, mimi sikushikwa mkono. Binamu yangu alikimbilia kuweka picha yake na mishumaa status. Nilikuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, mjini, mifuko ya nyuzi mikono yote miwili, nikafungua simu kwa kidole gumba, nikamwona mama. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Watu wananipita. Binamu huyo sijazungumza naye mpaka leo, na kila aliyetaka kutupatanisha nimemwambia kuna makosa ambayo mtu mwenye akili hayafanyi.

Juzi kosa hilo nimelifanya mimi. Na langu ni baya kuliko lake, maana mama yangu alikuwa kweli amekufa. Bibi wa watu mimi namtumia baba ambaye huenda si yeye.

Mama Chantal nilimweleza yote. Hakunicheka. “Futa ile picha, nyamaza. Muzungu mumoja na keki yake, nani atajua?”

Nikafuta. Kwa dakika nzima nilikaa nikijidai yamekwisha. Kisha nikampigia Bi Marlene, hapokei. Mara ya pili, hapokei. Mara ya tatu. Saa saba na nusu. Nikaiacha suruali ya mtu chini ya mguu wa cherehani, sindano imo ndani ya kitambaa, nikatoka na tepu ya kupimia shingoni. Kwenye rank, kituo cha daladala za huku, nikapata teksi ya kwenda juu, nikashuka pale inapokata kona, nikaupanda ule mlima kwa miguu. Mimi na magoti yangu haya.

Nilimkuta getini, ameshawasha gari. Keki kiti cha mbele, imefungwa mkanda kama mtoto. Juu ya keki bahasha. Picha alikuwa ameichapisha, kubwa kama kalenda.

“Kulikoni, umekosea vipimo vya mapazia?” Anatabasamu.

Nikamwambia asiende. Nikamweleza kijaluba na karata, mifupa na serikali. Tabasamu likaondoka taratibu.

“Amesubiri maisha yake yote,” akasema. “Huyu si mtu wa kuambiwa subiri tena. Asubiri hadi lini? Akifa Jumatano?”

Nikamwambia tu habari ya robot, na mifuko ya nyuzi, na mama. Kiingereza changu cha wateja hakijafundishwa kusema mambo kama hayo, lakini kilifika. Nikamwambia, na akifurahi leo, akamlilia baba yake, akamwita kwa jina, halafu waje waseme siye, nani atakwenda kumnyang’anya? Wewe au mimi?

Akazima gari.

Tulikaa humo ndani kama saa nzima. Keki akaikata kwa ufunguo, tukaila tukiangalia geti. Sikuisikia ladha. Mwisho akanipa bahasha, akaahidi hatasema. Kisha akasema, “Lakini unanijua, mimi si mtu wa kukaa na jambo.” Namjua. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa, maana ilibidi Zuhura aambiwe siku hiyo hiyo, na wa kumwambia ni mimi.

Saa kumi na moja jioni nikamwambia. Sikuuliza ya hali ya hewa. Nikamwambia yote kwa mfululizo, status, mioyo mitatu, keki.



Halafu akasema sentensi moja kwa Kizulu. Kizulu nakijua.

Nikamwambia nipe namba ya mkubwa wako, niongee naye mwenyewe, nitamwambia mtoto hana kosa, nitalia ikibidi. Akashusha pumzi. “Mama, wewe hukusaini. Mimi ndiye niliyesaini.” Akasema kesho yake, yaani leo, kabla ya kazi kuanza, atakwenda kwa mkubwa wake ajisemee, kabla hajasemewa. Alisema kwa sauti ya mtu mzima. Siku nyingine yoyote ningeshaitangaza sauti ile.

Kwa hiyo ndiyo nasubiri. Wao wako nyuma yetu saa moja. Kazi imeshaanza zamani.

*

Saa tisa. Amepiga.

Hawakumfukuza. Mkubwa wake, mama mmoja ambaye Zuhura anasema kila mtu anamwogopa, alimsikiliza hadi mwisho, akachukua jina la Bi Marlene na la yule bibi, akasema hilo litapelekwa kwa wanaohusika leo hii, ili wamfikie bibi kabla maneno hayajamfikia. Kisha akamwondoa shimoni. Wiki mbili zilizobaki Zuhura atakaa hemani, anasugua vyuma kwa mswaki. Mikutano ya asubuhi haingii, picha haoni.

Na leo wenzake wameufikia mwili wa ndege, pale walipokuwa wamekaa wale vijana. Aliona kwa mbali jinsi wote walivyovua kofia na kusimama, akaelewa wamepata nini. Yeye alikuwa na ndoo ya maji mikononi. Hawakumwita.

Akinisimulia hayo hakulia. Sauti tu ilikuwa ndogo, ile aliyokuwa nayo darasa la kwanza alipokuwa hajui kama nimeshafika kumchukua.

Nimemsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Akaniambia niondoe mambo mawili, nimeondoa. Nikamuuliza kama nisiyaweke kabisa. Akafikiri, akasema, “Weka, Mama. Ulisema mazuri mbele yao, useme na haya.”

Yule bibi saa hizi labda anakunywa chai. Simjui hata uso, na mimi ndiye ninayejua kwamba kuna mtu atagonga mlango wake.

Kesho wateja watakuja. Mimi ndiye niliyewazoesha, kwa hiyo watauliza: Mama Zuhura, vipi mwanao na ile ndege yake? Nitasema mzima, anasoma. Halafu watasubiri niendelee, kama siku zote, na mimi nitakuwa na uzi mdomoni na sifa zote za dunia kifuani.

Nitaweza kuishia hapo?