Mwanangu Aliniambia Ndege ni ya Kutwa Nzima

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi pokea tu salamu, naomba unisaidie. Mimi ni mjane, nashona sare za shule, na mwanangu wa pekee ni mhasibu mji mwingine, miaka yote ananiambia mama usijisumbue kuja, ndege ni ya kutwa nzima, miguu itakuvimba, nami nikaamini kwa kuwa sijawahi kupanda, hata baba yake alipofariki, tukazika kesho yake, alisema hawezi kuwahi, nikamtetea mbele ya mawifi zangu, nikawaambia kule ni mbali jamani, msimseme mwanangu. Sasa mkwe wangu kajifungua, akanitumia tiketi, nikajiandaa kwa kutwa nzima, nikabeba mto, shali, dawa ya miguu na mayai ya kuchemsha, yai la kwanza sijamaliza kulimenya nasikia tufunge mikanda tunatua, nikamwambia jirani yangu wa kitini labda ndege imeharibika, akacheka, akasema bibi, ndio mwendo wake huu, hata saa moja haifiki. Nikabaki na yai mkononi. Nikajipa moyo kwamba ndege za siku hizi zina kasi, lakini jana tunamwogesha mtoto, mkwe wangu akaniuliza bila ubaya wowote, "Mama, akienda huko kwenu kikazi kila mwezi, kwani halali kwako?" Nikamfunika mtoto taulo. Mwanangu yuko sebuleni, ananichekea. Nimuulize, au Jumapili niondoke kimya nisivuruge nyumba ya watu?

Fundi wa Sare

Mama fundi, shikamoo nakurudishia, umenizidi. Hata mimi barua yako imenisimamisha kitini. Kila mwezi! Anashuka mji aliozaliwa, analala hotelini, asubuhi anapita zake. Pole sana, mama, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ila nikuseme kidogo. Mteja akikutajia kiuno chake kwa mdomo hukubali, unachukua futi unampima mwenyewe. Umbali wa mwanao ukaupokea hivi hivi, miaka yote, usiulize hata jirani.

Kuondoka kimya usithubutu, ndiyo njia aliyoizoea yeye. Mkwe wako usimtaje, asije akabebeshwa lawama, ndege umeipanda mwenyewe na inakutosha kuwa shahidi. Mwite mwanao chumbani, funga mlango, umuulize: "Siku tunamzika baba yako, nini kilikushinda?" Kisha nyamaza mpaka amalize. Mtu hakimbii kwao bure, na huenda kuna jambo kati yake na marehemu ambalo hukulijua, au ulilijua ukalifumbia macho. Usilie kabla hajasema.

Jumapili apande ndege nawe. Akisema ana kazi, mwambie jioni atakuwa kwake anambembeleza mtoto. Mpeleke kaburini kwanza, nyumbani baadaye. Na mayai safari hii chemsha mawili tu, njia ni fupi.