Nyumba Inayomuuma Mama

Kharumwa, Nyang'hwale
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa shemeji Enock,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Hujambo huko Mtwara? Elieth naye hajambo? Na Mwigulu, meno ya mbele yameota au bado anaongea kwa upepo? Sisi huku afya tunazo, ukiacha mgongo wangu, ambao habari zake utazipata mbele. Dada yako Nelly ni mzima, ingawa wiki hii haongei nami zaidi ya kunijulisha kwamba chakula kiko mezani. Mahindi yamesimama vizuri. Karasha kule machimboni inasaga mawe ikipenda, isipopenda inanisaga mimi.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Nikipiga simu Nelly husimama pembeni akinisahihisha, nami nataka uyasikie yote kutoka kwangu, hata yale yanayonichekesha mwenyewe kwa uchungu. Magesa anaondoka kesho kuja huko kwenye biashara ya korosho, ameahidi kukufikishia mkononi kabla ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo ninayoiogopa, shemeji. Mama yenu amefunga mizigo. Anataka kupanda lori la mnadani arudi kwake Mhunze, na kidonda cha mguu hakijapona.

Nianzie kwenye tela. Lile tela la kulala ulilotununulia kutoka kwa wale watafiti wa madini waliofunga kambi lilipokelewa hapa kama bwana harusi. Ulifikiri vizuri, nakiri. Mama asingekubali kulala chini ya paa la mkwe wake, nami nisingeweza kupumua. Ningekuwa natoka na kuingia kwangu kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Lakini tela lina matairi. Si nyumba ya mkwe, ni chombo cha barabarani kilichopumzika uani. Mama mwenyewe ndiye aliyelitetea kwa hoja hiyo. Na kutoka hapa hadi hospitali ya wilaya anafika kwa fimbo yake, polepole, kwenda kusafishwa kidonda.

Ila uliposema halina tatizo lolote, ni kuwasha taa na kulala, nadhani ulilitazama ukiwa na haraka ya kwenda kula.

La kwanza lilikuwa pampu ya maji. Unajua lina tanki lake na kapampu kadogo chini ya benchi: ukifungua bomba kanaanza kuvuta, ukifunga kananyamaza. Kwetu kakawa hakanyamazi. Bomba limefungwa, hakuna mtu aliyegusa kitu, mara unasikia kanakohoa, tena kimya, tena kanakohoa. Na kila kakikohoa, taa zinafifia. Mama akawa anashtuka usingizini.

Mimi, kama unavyonijua, mtu wa karasha, nilijiona injinia. Nikasema ni betri. Nikaitoa, nikasugua vichwa vyake vilivyoota kutu ya kijani, nikaosha kwa maji ya moto, nikakaza nyaya. Taa zikaacha kufifia, nikajisifu mbele ya Nelly. Pampu ikaendelea kukohoa. Nikamwita fundi Makoye. Naye akazungusha skrubu fulani kwenye pampu, tukapata pampu isiyokohoa wala kuzima: ikawa inaunguruma moja kwa moja. Tukairudisha kwenye kikohozi, tukakubaliana kwamba kikohozi si ugonjwa.

Katikati ya mambo hayo mama akaacha kukaa ndani ya tela. Kutwa yuko nje kwenye kigoda, hata mvua ikinyunyiza. Chakula akawa anakula kidogo. Kwangu asingeweza kusema, na kwa Nelly hakutaka. Unamjua, hawezi kumlalamikia binti yake juu ya kitu kilicho uani kwa mumewe, asije akaonekana anaingilia ndoa. Akamwambia jirani yetu, Mama Martina. Huyo ni mtu wa Bukoba, Kisukuma hakijui, kwa hiyo mama akajitahidi kwa Kiswahili chake. Mama Martina akaja kwangu jioni, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Baba Otmar," akasema, "bibi anasema ile nyumba inamuuma."

Shemeji, wewe ungeelewaje? Sisi tulielewa kwamba ana uchungu moyoni. Kwamba kumweka mzazi kwenye bati la matairi, wakati binti yake analala kwenye matofali, kumemchoma. Nelly alilia. Akanilaumu, halafu akakulaumu na wewe, kwa hiyo kama masikio yako yaliwasha mwezi uliopita sababu ndiyo hiyo. Nikajitahidi kurekebisha. Nikapaka rangi nje, nikaweka zulia dogo, Nelly akashona mapazia ya maua. Mama akashukuru kwa upole, akarudi kwenye kigoda chake.

Sasa habari ya mgongo. Jumatatu iliyopita mama alikuwa hospitali. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, gambuti zangu nimezianika baada ya kuziosha, mimi natoka bafuni miguu mitupu. Nikasikia pampu inakohoa bila kukoma. Nikaona niingie niizime. Nikakanyaga tope, nikashika mpini wa mlango ule wa bati.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko chini, matope mgongoni, kanga ya Nelly niliyojifunga imekwenda upande wake, na Mama Martina amesimama upande wa pili wa ua akitazama mawinguni kwa heshima. Mkono wote ulikuwa kama umepigwa nyundo. Na pale pale chini ndipo neno la mama lilipofunguka. Inamuuma. Inamuuma kama mbwa anavyouma.

Fikiria, Enock. Mimi siku zote naingia mle na gambuti. Makoye ana viatu vya mpira vinene kuliko akili yake na yangu. Nelly ana kandambili. Mama peke yake ndiye anayevua viatu mlangoni, maana haingii na viatu mahali mkwe wake anapotia mkono, na kabla ya kukanyaga ngazi ananawa miguu. Mguu mzima ndio anaoutanguliza, umelowa, mtupu, na mkono kwenye mpini. Kila alipoingia lilimng'ata. Si kila mara, kwa hiyo alidhani ni sukari yake inapanda. Halafu akadhani ni jambo jingine ambalo Mkristo hapendi kulitaja.

Chanzo tulikipata siku ile ile. Pampu ilikuwa inakohoa kwa sababu kibano cha mpira wake kimelegea, maji yanadondoka tone tone. Chini yake wale watafiti walifunga chaja ya betri, yenye kasha la chuma, inayokula umeme tuliouvuta kutoka nyumbani. Maji juu ya chaja, chaja imebanwa kwenye bodi ya bati ya tela, bodi imekaa juu ya matairi, na waya alioleta Makoye ulikuwa wa nyuzi mbili, hauna ethi, ule uzi wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukakosa pa kwenda, ukamsubiri mama. Makoye alikuwa amepima kwa testa taa zote, soketi zote, hata jokofu lile dogo. Mlango hatukuupima. Nani anapima mlango?

Tumekaza kibano, pampu imenyamaza. Chaja tumeihamishia juu kwenye ubao mkavu. Waya ni mpya, wa nyuzi tatu, na fito ya shaba imepigiliwa ardhini penye unyevu karibu na migomba. Tumeweka na swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja. Nimepima mlango, mpini, ngazi, hadi vyuma vya matairi, asubuhi na jioni. Testa haiwaki.

Lakini mama hataki. Tangu Jumatatu amehamia kwa Mama Martina, na hapo napo anaona aibu kuwa mzigo kwa mtu baki, mlango wa binti yake ukiwa ng'ambo ya ua. Nelly amemweleza kila kitu kwa Kisukuma, na uzi wa ethi, na tone la maji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu maneno machache tu.

"Niliwaambia inaniuma, mkaniletea mapazia."

Nelly aliporudi kuniambia hilo, hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Muuguzi amesema nyama mpya imeanza kuota pembeni mwa kidonda, nyekundu safi. Akikatiza sasa akaenda kwenye tope la Mhunze, ambako hakuna wa kumpeleka kusafishwa, mguu huenda usiokolewe. Hilo mama ameambiwa. Anasema heri mguu wake auguze kwenye nyumba isiyong'ata.

Leo baada ya misa nilifanya kitu ambacho ukicheka sitakulaumu. Nilijua yuko kibarazani kwa Mama Martina, anaona uani kwetu. Nikavua viatu, nikakunja suruali hadi magotini, nikamwaga ndoo ya maji kwenye ngazi, nikasimama juu yake na kushika mpini kwa mikono miwili. Nikatulia hivyo ili aone. Naye, alipoona mkwe wake amesimama magoti wazi, akavuta kanga usoni, akageukia ukutani, kama inavyompasa. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Hakugeuka. Mama Martina tu ndiye aliyetazama, na alitazama kwa huruma.

Kwa hiyo nakuomba wewe, shemeji. Mimi siwezi kwenda mbele yake kumwambia, na Nelly hatasikilizwa tena. Ukimaliza kusoma mpigie kupitia simu ya Mama Martina. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usimweleze habari za nyaya. Mwombe msamaha kwanza, kwa niaba yetu sote, kwamba alisema neno wazi nasi tukalisikia vingine. Halafu mwombe aguse mlango mara moja tu, amshike Mama Martina mkono kama anaogopa. Akishagusa, akitaka kuondoka baada ya hapo, nitampeleka mwenyewe hadi Mhunze, nikikaa nyuma ya lori ili asinione.

Msalimie Elieth sana, na Mwigulu mwambie binamu yake Otmar anamkumbuka. Mama Martina naye anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona. Makoye anaomba usimtaje kwa mafundi wa huko. Mungu awalinde, awafungulie njia, na atusaidie kumponya mama.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na ninayekusubiri,

Kalisti