Sauti Iliyoniita Pangoni

Shangazi wangu wa Aston, pokea shikamoo kutoka mpakani mwa Slovenia na Italia, ambako kahawa ni chungu kuliko dawa yako ya kikohozi.

Leo nimeona ngome iliyojengwa mdomoni mwa pango. Nikaingia chini yake nikiwa wa kwanza, maana watalii wenzangu ni waoga. Ndani maji yanadondoka tu, na baridi yake inaishinda ya huko kwenu Birmingham mwezi wa Januari. Mama anayetutembeza akazima taa ili tulione giza lenyewe. Ndipo sauti yako ikaniita, "Kadogo." Huku hakuna anayelijua jina hilo. Nikakumbuka ulivyonifunza: ukiitwa gizani na humwoni anayeita, usiitike. Nikanyamaza. Lakini nyuma yangu sauti kama yangu ikaitika, "Naam, Shangazi." Taa zilipowaka, nyuma yangu palikuwa na ukuta wa mawe tu; wenzangu wote walikuwa mbele yangu.

Sasa sikiza. Jumapili ukisikia nabisha hodi, usifungue haraka. Uliza kwanza ni nani aliyemaliza kuku wa Krismasi. Akikana, kama ninavyokana siku zote, ndiye mimi, nikumbatie. Akikubali, tia kufuli.

Mungu akulinde hadi nifike.

Kadogo wako